Meza ya Rangi ya Kucha

Hadi leo nikisikia harufu ya rangi ya kucha nacheka peke yangu, na aliye karibu huniuliza kulikoni.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Albert Park, Durban, ghorofa ya saba, mama na mimi chumba kimoja, chakula mkekani. Mama alipaka wateja kucha saluni ya chini. Mimi Jumamosi nilikwenda ukumbi wa kanisa kujifunza kuchora maua kwa Madame Lin, Mchina mwenye duka la vyombo mjini. Alichanganya mambo mawili: brashi ya kwao, unagusa karatasi mara moja tu na hurudii, na rangi za maji za Wazungu, ambazo zikikuta unyevu zinatambaa zenyewe. Alitukataza kujaza karatasi. Weupe nao ni kazi, alisema.

Waridi zangu ndani ya chungu alizichagua zitundikwe ukumbini Jumapili. Mimi, ambaye shuleni nilijulikana kama "yule mkimbizi" tu, jina langu lingesomwa ukutani. Nikauanika mchoro kitandani, nikaenda kuoga.

Kurudi, namkuta mama kapiga magoti, ulimi nje, chupa tatu za rangi ya kucha ziko wazi. Chini ya chungu changu imesimama meza nyekundu yenye droo, mguu mmoja mfupi, umewekewa tofali.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusaidia. Maua yako ilikuwa mu hewa. Watu watasema huyu mtoto hana wazazi?"

Nililia mpaka kwikwi. Na meza yenyewe imepinda!

Jumapili Madame Lin aliutazama mchoro, akaunusa, akapiga chafya. Akauliza meza ni ya nani. Nikamsonta mama, nikiomba agombezwe. Badala yake akagonga muhuri wake mwekundu, kwani kwao mchoro haukamiliki bila muhuri, kisha akamchovya mama kidole gumba katika wino uleule, akakibandika kando ya jina langu. Mama alizoea kutoa alama za vidole ofisi ya wakimbizi tu, akiomba kibali cha kuishi. Akauliza kwa heshima, "Madame, na permit itatoka lini?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikawa nimesahau kununa.

Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikafika Uvira, mji aliokulia mama kabla ya kukimbia, kwa mara ya kwanza, kwa bibi yangu mzaa mama. Sebuleni palikuwa na meza nyekundu, ina droo, mguu mmoja mfupi umewekewa tofali. Bibi akaniambia, "Kaa, hapo ndipo mama yako alikuwa anakaa." Niliinama nikaligusa lile tofali. Miaka yote hiyo nilisema mama aliniharibia mchoro, kumbe maua yangu alikuwa ameyapeleka kwao.