Siku Nilipoibeba Kompyuta kwa Mbeleko

Nilichomoa waya zote bila kuizima. Najua haizimwi hivyo, nina cheti cha kompyuta cha miezi sita nilichosomea Tarime mjini, sihitaji kufundishwa. Nikaliinua lile boksi lake, nikaliinamia kama unavyompandisha mtoto mgongoni, nikalizungushia mbeleko ya mwanangu, nikakaza fundo kifuani. Lilikuwa bado la moto.

Dakika moja kabla ya hapo mama mkwe alinipigia simu. Aliiweka tu kwenye mdomo wa mtoto, mtoto akalia, na wewe uliyewahi kunyonyesha unajua kilichofuata: maziwa yakashuka yenyewe, blauzi ikalowa mpaka kwenye mkanda wa sketi. Kwa hiyo mbele nimelowa, nyuma naungua, na kutoka ofisi ya katibu kwenda kwa mkuu wa shule lazima upite mbele ya chumba cha walimu. Na ilikuwa saa ya chai.

Mwalimu wa kompyuta, andazi likiwa mdomoni, akashangaa kwa Kikurya, "Mura! Huyo naye kazaliwa lini?"

"Unaniuliza mimi? Baba yake si wewe uliyemuunganisha?"

Waliocheka walicheka. Mimi nikaingia kwa mkuu bila kugonga.

"Shikamoo, Mkuu." Hata mtu akiwa na hasira, shikamoo lazima itangulie. "Nimekuletea mtoto wako, mlee. Mimi nakwenda kwa wa kwangu, ana miezi mitano na tangu saa moja asubuhi hajanyonya."

Lakini sikuanzia hapo, na watu wa huku wakisimulia wanaanzia hapo ili nionekane nimechanganyikiwa.

Mimi ni katibu wa shule ya sekondari, huku huku Tarime, kijijini. Nilipotoka uzazi nilikubaliana na ofisi kuwa mama anayenyonyesha ana saa zake mbili: saa nne mpaka saa tano, kisha saa nane mpaka saa tisa. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na tano kama hujakutana na mtu wa kusalimiana naye. Mwanangu kikombe anakitema, chupa anaitazama kama imemtukana. Kwa hiyo ni mimi au njaa.

Sasa mkuu wetu wa zamani alikuwa na laptop yake mwenyewe. Hakutaka mitihani ibaki kwenye mashine yangu, alisema mashine ya katibu ni kama gulio, kila mtu anapita akishika shika. Akamwita mwalimu wa kompyuta, akatutengenezea njia. Nikifungua sehemu ya mafaili, chini ya diski ya mashine kunakaa kijipicha kingine kimeandikwa MKUU. Nikihifadhi mtihani humo, unatokea kwenye laptop yake ofisi ya pili. Sikatai, ilikuwa akili. Ila mkuu akahamishwa, akapelekwa wilaya ya Serengeti, upande wa Busawe. Akaondoka na laptop yake, kijipicha kikabaki kwangu.

Na mashine haijui kwamba mtu amehama. Kila nikifungua mafaili, kila nikihifadhi barua, inaanza kwanza kumtafuta mkuu. Ni kama kumtuma mtu akamwite fulani, akafika akakuta nyumba imefungwa, badala ya kurudi akakaa mlangoni kumsubiri. Dirisha linapauka, kaduara kanazunguka, na mimi naangalia ukutani saa nne inakuwa saa nne na nusu. Nikiondoka bila kuhifadhi, umeme wa huku naujua. Nitarudi nikute mtihani wa kidato cha pili haupo na mimi kazi sina.

Kukiondoa ni kitu gani? Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kuondoa, basi. Mara mbili. Hata mama mkwe angeweza, na yeye simu anaipokea kwa kuipuliza.

Lakini kulikuwa na makabidhiano. Mkuu wa zamani alipoondoka aliorodhesha kila kitu: meza, viti, kengele, bendera, na kati ya ngazi ya mbao na pampu ya mpira akaandika kwa mkono wake, "Sehemu ya mtandao (MKUU), moja, nzima." Mkuu mpya akasaini. Mkuu mpya ni mtu wa mkoa wa mbali, mpole, ila kituo alichotoka aliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya kiti kimoja. Tangu hapo anahesabu.

"Dada Katibu," aliniambia, "nimepokea moja, nitakabidhi moja."

"Mkuu, hiki si kitu. Ni jina la njia tu, na njia yenyewe haifiki."

"Nayo barabara isiyofika si inabaki kwenye ramani?"

Mwalimu wa stoo alipopita akiandika namba kwenye vifaa kwa rangi nyeupe, alisimama mbele ya mashine yangu na brashi mkononi, akakosa pa kupaka. Mwishowe alikata kikaratasi, akaandika namba, akakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kioo, pale pale kijipicha kinapokaa. Tangu siku hiyo naandika barua huku kona moja ya kioo siioni. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mashine inauzwa.

Tukampigia mkuu wa zamani, simu ikawekwa sauti ya nje.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti yangu! Huko bado mnanikumbuka?"

"Mashine inakukumbuka sana. Tunaomba ruhusa tuiondoe ile sehemu ya MKUU."

Nilisikia kuku wake wakigombana.

"Bado inaonekana?"

"Inaonekana."

"Kwa herufi kubwa, vile vile?"

"Kwa herufi kubwa, Mkuu."

"Aah," akasema, na nakuambia yule mzee alikuwa anatabasamu. "Basi iacheni kwanza. Kuna vitu vyangu humo."

"Vitu vyako unavyo wewe hapo Busawe, kwenye laptop yako. Huku kuna mlango tu. Nyumba uliondoka nayo."

"Sasa mlango wa mtu mnaung'oa mwenyewe akiwa hayupo?"

Mkuu mpya akaitikia kwa kichwa kana kwamba amesomewa sheria.

Jambo likapelekwa kwenye kikao cha walimu, likawekwa kwenye mengineyo, ikaundwa kamati ya watu watatu. Kamati haijakaa mpaka leo.

Ijumaa moja nikaiondoa mwenyewe. Sikumwambia mtu. Mashine ikakimbia kama ndama aliyefunguliwa kamba, nikahifadhi barua nne, nikafika nyumbani saa nne na robo, mtoto akanyonya mpaka akalala na mdomo wazi. Nilikaa pale kwenye kigoda nikamwangalia, nikajiambia kumbe kazi hii inawezekana. Jumatatu mkuu akaja na daftari lake la kuhesabia, akainamia kioo, akainua kile kikaratasi kama anafunua chungu. Chini yake hakuna kitu. Mwalimu wa kompyuta akaitwa, akaifukua kwenye kapu la taka la mashine, akairudisha, akasaini kwamba ameirudisha, na mimi nikaonywa kwa mdomo.

"Si ungenitetea?" nikamuuliza nje.

"Nikutetee vipi, mama mtoto, na wewe ulifuta bila barua?"

Wiki hiyo mama mkwe alikuja mpaka getini, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anakuzuia humo ndani?"

"Mkuu wa zamani."

"Si alihama? Si tulichangia mbuzi wa kumuaga?"

"Alihama, mama. Jina limebaki kwenye mashine."

Alifikiri kidogo, akimbembeleza mtoto. "Basi arudishe mbuzi."

Nilicheka pale getini, nikanyonyesha nimesimama, mlinzi akiangalia milima. Lakini usiku mama mkwe aliniambia bila kucheka kwamba kamba ya suruali ya mtoto, ile aliyomfunga juzi, imemlegea. Nilipitisha kidole mwenyewe na kikapita.

Ndiyo maana siku ile ya chai, nilipohifadhi mtihani saa nne kasoro dakika tano, na saa nne na dakika arobaini kaduara kakawa bado kanazunguka, na simu ikalia kwa sauti ya mwanangu, sikuwa na kitu kingine cha kuchomoa isipokuwa waya.

Mkuu alinitazama, akalitazama boksi lililokuwa mgongoni kwangu. "Dada Katibu, mali haihamishwi kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila fomu."

"Sawa."

"Na kama una malalamiko, yalete kwa maandishi."

"Nipe karatasi."

"Si uende ukachape?"

Nikageuka, nikamwonyesha mgongo.

Akafungua droo, akanipa karatasi. Niliandika nimesimama, kwenye ukingo wa meza yake, na barua niliyoiacha pale ni hii, sijaongeza neno:

Katibu wa Ofisi,
Shuleni.

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Kupitia kwa Mkuu wa Shule, ambaye yuko mbele yangu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SEHEMU YA MTANDAO IITWAYO MKUU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sehemu tajwa haina faili hata moja, haifiki popote, na mwenye nayo yuko Busawe na afya yake ni njema. Kila siku inachukua saa za mtoto wangu wa miezi mitano, ambazo ofisi hii ilizikubali. Mtoto amepungua. Sehemu tajwa haijapungua.

Naomba ifutwe kwenye orodha ya mali. Ikishindikana, naomba mwanangu naye aandikwe kwenye orodha hiyo, apewe namba, ahesabiwe kila Jumatatu, na akionekana ana upungufu mtu aandikiwe barua ya onyo.

Sasa hivi nakwenda kunyonyesha. Mashine naiacha kwa Mkuu wa Shule, yenye sehemu ya mtandao moja, nzima, na ninaomba asaini hapa chini kwamba ameipokea. Nikirudi nitaiondoa sehemu hiyo, kwa kubonyeza mara mbili. Kamati isinisubiri, na mimi sitaisubiri. Atakayetaka kunizuia aje na mtoto wangu mkononi, akiwa ameshiba.

Ni mimi, ninayetoka sasa hivi,
Katibu.

Kiambatanisho: blauzi moja, mbichi. Italetwa nikishabadilisha.

Nakala: Mkuu wa zamani, Busawe.