Buibui wa Kifungo Cheupe

Miaka yote aliyofuma kwenye kiwanda cha nguo pale Musoma, Hyasinta aliitwa Mama Kiwanda. Hakujaliwa mtoto ambaye angeitwa kwa jina lake, na mumewe alikwenda Buhemba kuchimba dhahabu akasahau njia ya kurudi, basi kiwanda ndicho kilichompa jina. Alisimama katikati ya mitambo inayopiga kelele mpaka masikio yanaziba, na ukimpa kipande cha kitenge, akikipapasa tu alikuonyesha uzi ulipokatika. Hata ile miaka ya shida, watu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, yeye alikuwa na doti mpya ya khanga sandukuni, na wake za wakubwa walimwamkia wa kwanza.

Halafu ikaja ruksa, kila mwenye fedha akaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Sabuni ikarudi madukani, na nyuma ya sabuni yakaingia mabelo ya mitumba. Nani tena anunue kitenge kinachochuja, na shati la Ulaya lipo pale chini kwenye turubai, unachagua mwenyewe? Kiwandani mitambo ikakosa vipuri, kisha ikakosa umeme, kisha ikakosa watu. Waliitwa ofisini kwa makundi wakaambiwa wamepunguzwa.

Hyasinta akachukua malipo yake ya mwisho, yote, akanunua belo moja. Alijua vizuri anachokifanya. Nguo zilizomfukuza kazini ndizo alizokwenda kuzipigia debe. Alimeza uchungu huo kama mtu anavyomeza kwinini, na watu wakambadilisha jina, akawa Mama Belo. Belo likiuzika, atanunua la pili na chumba chake cha kupanga atabaki nacho. Lisipouzika, ni kurudi Kiriba kwa mama yake, kulima mihogo.

Asubuhi moja alikuwa ameketi chini anashona mashati yaliyokosa vifungo, jirani yake Dorkas akaingia kuomba kaa la moto. Dorkas alifika katikati ya chumba akasimama, mkono mdomoni.

"Mama Belo! Ukutani kwako kuna nini?"

Juu ya belo alikuwepo buibui mkubwa kama kiganja cha mtoto. Alikuwa bapa, wa kahawia, miguu ameitandaza kama mtu anayeota jua, na utando hana. Chini ya tumbo amekumbatia kitu cheupe, cha duara, kingo zake safi kama kimekatwa kwa mashine.

"Ameshika nini huyo? Si kifungo kile?"

Hyasinta alitazama mashati mapajani mwake, akatazama ukuta, akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. "Kumbe ndiye mwizi wangu! Kaja na belo kutoka Ulaya, na kifungo cha koti lake kabeba."

Wakacheka wote wawili. Dorkas akachukua kaa lake akaenda.

Utani ule ulitoka mlangoni ukiwa utani. Jioni ulipofika kisimani ulikuwa habari. Mama Belo mwenyewe kasema, kwa mdomo wake, buibui wa Ulaya wamo kwenye mitumba. Wangeweza kuusahau, lakini kesho yake Miriamu, binti mdogo wa Dorkas, aliamka shingo imebabuka mstari mrefu, malengelenge kama ameunguzwa na maji ya moto. Alikuwa amelala na gauni alilopewa na Hyasinta. Zawadi, si la kuuzwa.

"Nilikuwaga nakuamini," Dorkas alimwambia mlangoni, bila kuingia. "Mtoto wangu umemvalisha sumu."

"Dorkas, ndugu yangu, mimi nilitania tu."

"Na shingo ya Miriamu nayo inatania?"

Sokoni watu wakaanza kufunua nguo zake kwa kijiti. Vijana wakapita wakipiga kelele, "Mama Buibui, unazo suruali za miguu minane?" Alipowajibu kwa hasira walimcheka, aliponyamaza wakasema anajua kosa lake. Turubai lilishinda limejaa na kurudi limejaa.

Basi akamvizia yule buibui, akamfunika kwa chupa ya jemu, akatoboa kifuniko apumue, akaenda naye kwa Mwalimu Stanislausi aliyefundisha baiolojia sekondari. Mwalimu alimgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kwa furaha kabisa, kama kaletewa mgeni. Akafungua kitabu chenye picha, akalinganisha macho, miguu, ule weupe wa usoni.

"Huyu hana kwao Ulaya," alisema. "Baridi ya kule ingemmaliza. Huyu ni wa nchi za joto, anakaa majumbani mwa watu na kuwinda mende. Na hiki si kifungo, mama. Ni mfuko wa mayai. Anaubeba hivi hivi mpaka watoto watoke."

"Anauma?"

"Ukimbana atakuuma, kama nyuki. Ila hababui ngozi hivyo. Shingo ya mtoto ni kile kidudu chembamba, chekundu na cheusi, kinachofuata taa usiku. Ukikiponda kwenye ngozi, maji yake yanaunguza. Kipo tele msimu huu."

Hyasinta alitaka kupiga magoti. "Mwalimu, utayasema hayo mbele za watu?"

"Kwa nini nisiseme?"

Mwenyekiti wa mtaa, aliyeitwa Kwangu, alikuwa ameshaitisha mkutano uani kwake, maana wazazi walimjia juu. Mwalimu alikuja kweli, na alisema vizuri, taratibu, maneno yale yale. Watu wakaanza kutazamana. Dorkas mwenyewe aliinamisha uso. Hapo sauti ikatoka nyuma:

"Mwalimu, samahani. Hiyo suruali umenunua wapi?"

Mwalimu alijitazama chini. Alikuwa ameinunua kwa Hyasinta. Nusu ya wanaume waliokuwa pale walivaa za kwake pia, lakini hakuna aliyejitazama.

"Basi! Shahidi kavalishwa na mshitakiwa!"

Uani pakalipuka kicheko. Hyasinta akasimama haraka, akatoa chupa chini ya khanga, maana ushahidi alikuwa nao mkononi. "Msimsikilize yeye, mtazameni buibui! Ni mayai!"

Akainua chupa juu, na ndipo yeye mwenyewe alipoona. Kifungo kilikuwa kimefunguka. Ndani ya kioo vilijaa vibuibui, vidogo kama punje za ulezi, ulezi unaotembea, vinapanda juu ya mgongo wa mama yao na kutokea kwenye matundu ya kifuniko.

"Mnaona?" alisema kwa furaha. "Si niliwaambia? Mayai!"

"Wameshazaana!" mtu alipiga yowe.

Wanawake walibeba watoto wakakimbia. Benchi likaanguka. Hakuna aliyeuliza tena kama ni kifungo au ni mayai, walichoona ni kwamba mmoja amekuwa wengi. Mwalimu alikuwa bado anaeleza, anaeleza peke yake.

Kwangu hakuwa mtu mbaya. Alitaka watu watulie. Akaamuru nguo zote zipigwe dawa, na dawa iliyokuwepo ni ile ya kuulia wadudu wa pamba, iliyobaki stoo kwa mkulima mmoja, kwa bomba la mgongoni. Zilitandazwa nje ya chumba cha Hyasinta, naye akaambiwa asimame mbali kwa usalama wake. Alisimama. Alitazama mashati meupe yakishika madoa ya njano, kola kwa kola, na mkono wake ulikuwa unapapasa hewa kama unatafuta uzi uliokatika.

Alizifua, akazianika, akazifua tena. Harufu ilibaki. Alizipeleka mnadani Bunda, ambako alidhani hajulikani. Mama mmoja alichukua gauni, akalinusa, akalirudisha kwa ncha za vidole. "Hizi si ndizo zile za buibui?"

Siku chache baadaye alikutana na Kwangu njiani, shingo ameizungushia kitambaa, na pembeni ya kitambaa malengelenge yanachungulia, mstari mrefu kama wa Miriamu.

"Shikamoo mwenyekiti. Hiyo kaunda suti yako nayo ilitoka kwenye belo langu?"

Kwangu alivuta kitambaa juu. "Dada, yale mambo yameshapita."

"Kwa nani?"

Kwangu akashika njia yake. Mtaani wengi walishaona shingo ile, na Dorkas aliiona pia. Hakuna aliyekuja mlangoni kwa Hyasinta kusema neno. Mwisho wa mwezi alimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba.

Kiriba alipokelewa na mama yake bila maswali, akaonyeshwa kitanda cha kamba na jembe. Nyumba ni ile ile ya udongo na nyasi, iliyojaa moshi, na nguo ya Ulaya haikuwahi kuvuka kizingiti chake. Siku ya pili, akiwa anafagia, akainua macho. Juu ya mlango wa jikoni alikuwepo buibui bapa, wa kahawia, amekumbatia kifungo cheupe.

"Mama, huyu ameingia lini?"

Mama yake alitazama juu mara moja, akarudi kumenya mihogo. "Huyo? Wapo humu tangu naolewa. Wanakulaga mende."

"Mbona mimi sikuwahi kuwaona?"

"Ulikuwaga unaangalia juu, wewe? Macho yako yalikuwaga barabarani, kwenda mjini."

Hyasinta aliwaza chupa. Aliwaza kumbeba huyu mpaka Musoma, amweke mezani kwa Kwangu. Kisha akawaza nani atauliza, na nani atakumbuka kwamba kulikuwa na swali. Akavua ndala. Alijua buibui yule hana kosa. Kwa jinsi alivyojua, pengine Kiriba nzima hakuna aliyejua kama yeye. Akampiga hivyo hivyo, mara moja, ukutani.

Mama yake aliacha kumenya, akautazama ukuta uliochafuka, kisha akamtazama binti yake.

"Haya," alisema. "Mende sasa uwale wewe."