Sote Tulizaliwa Tarehe Moja Januari

Enzi zetu pale Louisville, nyie mliotoka kambi za wakimbizi mnanielewa, mtaa mzima tulizaliwa tarehe moja Januari! Baba, bibi yangu tuliyemwita koko, mimi, majirani. Karani wa kambi alikosa tarehe zetu akaandika hiyo, basi. Keki ya siku ya kuzaliwa hatukuijua. Tulikula ugali na sombe, yaani kisamvu, vidole vinang'aa mawese, kisha mbio kucheza.

Jirani yetu alikuwa mzungu mzee, mtoto wa fundi chuma wa Buffalo, aliyefundisha falsafa ya historia maisha yake yote. Tulimwita Babu Umejuaje. Ukimwambia lolote, hata kwamba una njaa, anakuuliza, "Umejuaje?" Alituambia mambo ya zamani hayarudi, yamebaki masimulizi tu, nasi tuyapime. "Karatasi nayo inasimulia," alisema. "Ihojini!"

Weee! Nikamkimbilia koko, aliyemzaa mama. Mama yangu alifia kambini, na koko mwenyewe alishaanza kusahau majina yetu. Nikaogopa nimechelewa.

"Koko, nilizaliwa lini?"

Uso ukamchangamka. "Kiangazi. Wanaume waliteremsha ng'ombe bondeni kufuata majani. Mama yako amejifungua, na nyumbani hakuna maziwa!"

Babu Umejuaje, aliyekuwa amenifuata ndani, akaruka kitini kama kijana. "Shahidi wa pili yuko wapi?"

Bon, tukampigia mama mdogo, aliyehamia Reynoldsburg, kule Columbus. Baba akatukataza kumdokeza neno. Nikamuuliza tu anakumbuka nini siku niliyozaliwa.

"Nisikumbuke vipi? Nilitumwa kuomba maziwa kwa jirani, nikamwaga nusu njiani, nikachapwa!"

Jamani, kelele zile! Januari kwetu milimani ni mvua, ng'ombe wako nyumbani. Karatasi ilikosea! Koko alipiga vigelegele, mzee akawa anacheka huku anafuta machozi. Mimi nikazunguka mtaa mzima nikitangaza: nimezaliwa kiangazi!

Leo naishi Cheektowaga, na wanangu wana vyeti, picha, hata dakika waliyotoka imeandikwa. Nikianza, "Siku uliyozaliwa, mwanangu...", wananijibu kwa Kiingereza kwamba video ipo, wataiangalia siku nyingine. Haya, waheshimiwa! Hiyo siku nyingine sijaiona bado.

Mimi sikuwa na video, nilikuwa na watu wawili. Koko tumemzika Louisville. Nimebaki na mama mdogo, na kila Juni, kiangazi cha kwetu kinapoanza, nampigia anisimulie tena, maadamu bado anakumbuka.