Mbwa Aliyefundishwa Bila Fimbo

Miaka thelathini na miwili nilifundisha shule ya msingi hapa Babati, na sikumbuki siku niliyoingia darasani bila fimbo. Nasema hili mapema ili msomaji asinidhanie mtu mpole. Nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa nazo, na wanafunzi wangu walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Nilipostaafu nilirudi kwenye mahindi yangu kule Singe, nikaamini kazi ya kufundisha nimeachana nayo.

Kilichonirudisha ni mbwa wangu mwenyewe. Alikuwa anafukuza kuku. Nikampiga, naye akaacha kuwafukuza mbele yangu, akawa anawafukuza nikienda kanisani. Binti yangu alipokuja likizo alinifungulia kwenye simu video za mwanamke mmoja anayefundisha mbwa kwa kuwatuza. Mbwa akipatia anapewa kitu kitamu, akikosea hapigwi, anakosa tu hicho kitu kitamu. Nilicheka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nikamwambia, sembuse mbwa. Lakini niliitazama tena ile video kesho yake, na keshokutwa yake, na sikuelewa kwa nini inaniudhi kiasi kile.

Nikaamua kujaribu ili nithibitishe kuwa ni upuuzi. Yule mwanamke alikuwa na kidude kinacholia "ta" palepale mbwa anapopatia, ndipo chakula kinafuata. Mimi nilichukua kalamu nyekundu ya kubonyeza, ile niliyosahihishia madaftari, na dagaa wakavu wa sokoni. Wiki mbili za kwanza sikuelewa kitu. Nilimfundisha mbwa kipindi kizima cha dakika arobaini, akalala. Ijumaa nikampa jaribio la mambo yote ya wiki, akanyanyuka akaenda zake. Nilipopunguza somo hadi dakika tatu, mambo yakaanza kukaa sawa. Siku moja alipita katikati ya kuku bila kuwagusa, akaja kukaa mbele yangu, akanitazama usoni. Hakuwa na woga wowote. Nilibonyeza kalamu, nikampa dagaa wake, halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani, nataka kulia na sijui nalilia nini.

Habari zilienea. Wapo waliosema mwalimu amechanganyikiwa, mbwa wake anakula mboga ya watu. Wapo walioleta mbwa wao. Nilikuwa nimeshafundisha watatu alipofika mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemfundisha darasa la tatu, sasa ni baba wa watoto wawili na analima huko Mutuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani, mbona umeganda mlangoni?"

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akanieleza. Mbwa wake alikuwa amemng'ata mguuni mwenyekiti wa jumuiya yao ya kusali. Mtendaji wa mtaa alishatamka kwamba aking'ata mtu mwingine atauawa. Na baada ya Jumamosi tatu ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake, watu wapatao thelathini ndani ya uzio mmoja.

"Si umfunge siku hiyo?" nilimuuliza.

"Nikimfunga ndiyo anakuwa mkali zaidi, na kamba ameshakata mara mbili. Mwalimu, watoto wangu wamekua naye. Sitaki auawe."

Nikawa napanda bodaboda kwenda Mutuka karibu kila asubuhi. Mpango ulikuwa mwepesi: mtu akipiga hodi getini, mbwa aende kukaa juu ya gunia kuukuu karibu na mlango, apate dagaa. Mwenye mbwa alitoka nje, akapiga hodi, akaingia, akatoka tena. Mbwa alibweka. Aliponyamaza nilibonyeza kalamu, nikamlipa kwa kunyamaza. Nilijiona fundi. Siku ya nne mbwa alikuwa anabweka hata kama hakuna mtu getini, mara mbili tu, kisha ananyamaza na kunikodolea macho akingoja dagaa. Nilikuwa nimemfundisha kubweka.

Nilipandwa na hasira. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeokota bua la mahindi. Mbwa akajikunyata chini, na mwenye mbwa akageuka kutazama shamba la jirani, ingawa huko hakukuwa na cha kutazama. Nikalitupa bua. Niliona aibu, na aibu yenyewe ikanikasirisha.

Njiani kurudi niliwaza mambo yasiyo na mpangilio. Kama mbwa amekosea kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kukosea, basi yule mtoto aliyekosa saba mara nane kila siku, nikamchapa kila siku, alikosa yeye au nilikosa mimi? Nilijijibu kuwa mtoto si mbwa. Kisha nikajiuliza hilo linamsaidia nani, mimi au mtoto. Hata mimi nilipigwa, nikawa mwalimu. Nilifika nyumbani nimesahau kununua chumvi.

Tulianza upya. Sasa nilibonyeza kalamu mara tu neno hodi likisikika, kabla mbwa hajafungua mdomo, na dagaa nikamwekea juu ya gunia. Siku chache baadaye alikuwa akisikia hodi anakimbilia gunia mwenyewe. Wiki ya tatu majirani walikuja kutusaidia, mmoja mmoja, na hakuna aliyeng'atwa.

Jumamosi ikafika. Nilikaa kwenye kigoda kando ya gunia, dagaa nimewafunga kwenye pindo la kitenge. Mwenye mbwa alisimama nyuma yangu. Tulikuwa tumewaomba wote wapige hodi, wakafanya hivyo, mama mmoja baada ya mwingine, wazee, watoto. Mbwa alikaa, akatafuna, akakaa. Sikuwa nimepiga hesabu ya dagaa kwa watu wote wale, na waliisha kabla watu hawajaisha. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, labda kwa hofu. Alisimama getini na mkongojo wake na, kwa mazoea ya miaka yote ya kuongoza jumuiya, akasema kwa sauti kubwa, "Tumsifu Yesu Kristo!"

Watu thelathini wakaitikia kwa pamoja, "Milele, amina!"

Mimi ni Mlutheri. Katika siku zote zile sikuwa nimewaza kwamba Wakatoliki wakija kusali huenda wasipige hodi. Mbwa alisimama, manyoya ya mgongoni yakamsimama pia, akanguruma. Sikuwa na dagaa hata mmoja. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, kiganja wazi, juu kabisa.

Mbwa akakaa.

Nilipogeuka nimpe mwenye mbwa pongezi, nilimkuta ameinamisha kichwa, macho kafumba, mabega kayapandisha hadi masikioni. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana ndevu. Alifumbua macho, akaniona nikimtazama, akacheka kidogo na kwenda kumpokea mwenyekiti.

Sala zilikwisha salama. Mwenyekiti mwenyewe alisema atamwambia mtendaji kwamba mbwa yule aachwe. Watu walinipongeza, na mimi nilikuwa sijui kama mbwa alinitii au aliniogopa, wala sijui nimuulize nani. Mwanafunzi wangu alileta birika, akanimiminia chai.

"Mwalimu," alisema, "ulijua lini kwamba inawezekana bila fimbo?"

"Mwaka huu," nikamjibu.

Aliweka birika chini, akanisogezea kikombe.

"Mimi nilijua nikiwa darasa la tatu."