Boya Lililopanda Mlima

Mke wa mwanangu husoma bahari. Wengine wakisikia hivyo hudhani anapiga ramli, nami huwasahihisha haraka, maana nyumba yetu ni ya watu waliosoma. Anakaa katika chumba cha juu cha ofisi ya bandari, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa kamba, mbele ya kompyuta. Huko majini yanaelea maboya ya njano yanayopima mawimbi na mwendo wa mkondo, na kumpelekea habari papo hapo. Bahari ikichafuka, huwatangazia manahodha wasitoke. Wao humtukana. Yeye huwajibu, "Mkitaka kufa, mfie kwenye zamu ya mwenzangu."

Ulimi huo hakuutoa kwangu.

Asubuhi moja alinipigia simu kutoka kazini.

"Mama, kuna boya hapo nyumbani?"

Nikachungulia dirishani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kapteni ingawa hata beseni halijapata kumtii, alikuwa uani anajikuna tumbo.

"Lipo," nikasema. "Ndiyo kwanza limerudi kuzurura. Lakini mwanangu, huyo ni baba yako mdogo. Tukimwita boya sisi wenyewe, majirani watamwitaje?"

"Mama! Boya la kazini. La njano."

Ndipo nikaliona nyuma yake, juu ya mkokoteni. Lilikuwa limekata mnyororo likatupwa ufukweni, na Kapteni akaliokota alipasue, liwe chombo cha maji ya kuku.

Kumbe njia nzima lilikuwa linapima. Mashimo ya barabara yetu yalisomeka ofisini kama mawimbi makubwa kupita kiasi, vyombo vyote vikazuiwa kutoka. Mkubwa wa mkwe wangu ofisini alikuwa anauliza ni mkondo gani huo unaopanda mlima na kukata kona sokoni. Asipopata jibu la maana, alisema, kile kiti atakikalia mwingine.

"Sema limezama," nikamshauri.

"Limezama uani kwako? Manahodha wote wanaiona ramani ya maboya kwenye simu zao. Halafu mwambie Baba Mdogo ashuke, kuna wimbi jipya hapa!"

Kweli, Kapteni alikuwa amelipanda, msumeno mkononi.

"Shemeji, shuka!"

"Kitu cha kuokota ni cha aliyeokota, shemeji."

"Hicho cha kuokota kinayapima makalio yako, na bandari nzima inasoma!"

Akashuka.

Nikiwa bado nasikiliza, mkwe wangu akashika redio. "Manahodha, mawimbi mnayoyaona ni ya barabarani. Boya limechukuliwa na baba mdogo wa mume wangu. Bahari imetulia, tokeni." Kicheko kilichofuata nilikisikia kwenye simu. Nilitamani ardhi inimeze, na Kapteni nimtangulize.

Mkubwa alikuja mwenyewe na lori. Nilishabadili nguo. Nikamweleza kwa lugha nzuri kwamba shemeji alikuwa ameliokoa.

"Na msumeno?"

"Wa kukatia miti."

Akaangalia uani. Hatuna mti.

"Shukuru mkweo amesema mapema," akaniambia. "Angeficha, sasa hivi ningekuwa natafuta mtu wa kukalia kiti chake."

Jioni mkwe wangu alirudi, kazi yake anayo, akavua viatu.

"Ilikuwa lazima uitaje familia?" nikamuuliza. "Si ungesema ni jirani."

"Jirani yupi, Mama? Ramani ilionyesha mpaka mlango wa jiko lako."