Niliona Baiskeli, Sikuona Uso

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliishia la saba, na ninayoandika jioni nikiyasoma asubuhi huwa nayaona hayana kichwa wala miguu. Lakini hili la jirani yangu nimeona niliandike, tena niliandike kwa haki, maana yeye hayupo hapa kunijibu.

Mume wangu alipofariki, na watoto kila mmoja ameshika njia yake, nilibaki na nyumba hii ya Nangara, hapa Babati, kipande cha mahindi na mbaazi nyuma yake, na televisheni aliyoniletea binti yangu ili nisiongee na kuta. Jirani yangu yuko ng'ambo ya ua wa minyaa. Mume wake ni dereva wa malori, kumwona nyumbani ni bahati. Basi jioni akishakamua ng'ombe wake, jirani alikuwa anapita kwenye mwanya wa ua na chupa ya maziwa na beseni lake, tunakaa kwenye mkeka, tunamenya mbaazi na kuangalia sizoni, zile filamu za vipande vipande.

Sizoni zetu ni zile zilizotafsiriwa. Kwa asiyezijua, picha ni ya wazungu, lakini juu ya maneno yao kuna Mswahili mmoja anayesema yote. Mwanaume akigomba ni yeye, mwanamke akilia ni yeye. Tena hatafsiri tu, anakusimulia. Mtu akitokea mlangoni, hata mdomo hajafungua, unaambiwa, huyu mnamwona hivi hivi, huyu ndiye msaliti mwenyewe.

Tuliyokuwa tunaifuata ilikuwa ya jasusi aliyefukuzwa kazi na serikali yake, akaamua kuwatafuta wabaya kwa mkono wake. Hapeleki mtu mahakamani. Anampata, anamwambia maneno mawili, anammaliza. Jirani yangu alimpenda sana. Alisema huyu angezaliwa Babati tungelala milango wazi. Mimi nilicheka, na sitasema uongo, nilimpenda pia. Ukiwa umekaa kwenye mkeka wako, na mtafsiri ameshakuhakikishia kwamba fulani ni shetani, risasi inakuwa kama dawa.

Sasa, siku moja mwenye duka la muvi alikosea. Badala ya kuniwekea kipande kinachofuata kwenye flashi, akaniwekea kile tulichokwisha kukiona, ila hakijatafsiriwa. Ilikuwa Jumapili mchana, nimetoka kanisani, sina wa kuongea naye, nikakiangalia hivyo hivyo. Ni kile ambacho jasusi anamuua dereva mmoja. Tulipokiona mara ya kwanza tuliambiwa dereva ndiye aliyewauza wenzake, na jirani alipiga makofi mpaka mbaazi zikamwagika. Safari hii hakuna wa kuniambia. Niliona mtu anafuta kioo cha gari. Anakula mkate. Anaulizwa kitu, anatikisa kichwa, anapigwa risasi. Nikarudisha nyuma. Nilitafuta pale alipowauza wenzake, sikupaona.

Inawezekana walisema kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza sikijui. Nilimwambia jirani alipokuja. Akacheka, akasema, "Jirani, yule mtafsiri kasomea. Wewe umesomea mbaazi." Ni kweli. Nikaendelea kumenya.

Haukupita muda mrefu mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, akaibiwa. Lazima nieleze mnyama huyo alikuwa nini kwake. Mama yake alikufa siku ya kuzaa, na jirani alimlea kwa maziwa ya kuomba, akimnywesha kwa mkono, na mtamba alikuwa anamfuata mpaka kwangu, anasimama mlangoni wakati wa sizoni. Asubuhi ile kamba ilikutwa imekatwa. Nilishinda na jirani siku nzima. Alikuwa analia bila sauti.

Na mimi, kwa kutaka kusaidia, nikamwambia kwamba jioni iliyotangulia, nikianua nguo, niliona kupitia minyaa baiskeli inasukumwa kwenye njia ya nyuma, ina mzigo. Baiskeli tu. Lakini kulikuwa na mwanaume aliyekuwa akimletea majani ya ng'ombe kwa baiskeli, kutoka upande wa Bonga, mtu mkimya, hakuangalii usoni. Banda analijua, mbwa anamjua. Mimi mwenyewe simpendi, niliwahi kumwagiza majani akaniletea yaliyonyauka. Kufikia kesho yake, midomoni mwa watu, ile baiskeli niliyoiona ilikuwa imeshapandwa na yeye. Niliwasikia watu dukani wanasema mama wa ng'ambo ya ua, yaani mimi, alimwona kwa macho yake.

Siku hiyo hiyo mchana yule mwanaume alikuja na majani kama kawaida. Mtu mwenye hatia angekuja? Au ndiyo ujanja wenyewe? Mpaka leo nalipima hilo na mizani inakataa kutulia. Wanaume wa mtaa wakamkalisha juu ya mzigo wake uani kwa jirani. Fimbo zilikuwepo. Sote tunajua habari za wananchi wenye hasira kali huwa zinaishia wapi. Jirani akaniita.

"Waambie, jirani," alisema. "Si ulimwona?"

Yule mtu hakunitazama. Alikuwa anachomoa jani moja moja kwenye mzigo. Nikajua nikisema ndiyo, hakuna atakayerudisha nyuma kuangalia.

"Niliona baiskeli," nikasema. "Sikuona uso."

Mmoja wao akauliza kama siku hizi baiskeli zinajisukuma zenyewe, watu wakacheka.

"Ilisukumwa na mtu," nikasema. "Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni mwingine. Uso sikuuona."

Jirani akanisogelea. Hakupandisha sauti. "Wewe uko na mimi au uko na yeye?"

 Ningesema niko na wewe, ingekuwa kweli, lakini wangeisikia vingine.

Baba mmoja mtu mzima akasema kama ni hivyo apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa, akahojiwe huko. Wakaenda naye. Hakikupatikana kitu, akaachiwa, na majani hajaleta tena mtaa huu. Wengine wanasema kukimbia kwake ni ushahidi. Mimi nasema hata mimi nisingerudi. Mtamba hakuonekana.

Kwa haki niseme na haya. Labda alikuwa mwizi, na mimi nilimfungulia njia. Jirani yangu si mtu katili, nilipougua malaria ni yeye aliyenikorogea uji na kuninywesha kama alivyomnywesha yule mtamba. Alichotaka si damu, alitaka mnyama wake. Mimi sijawahi kuibiwa kitu kinachonifuata mpaka mlangoni. Nikijiweka mahali pake, sina uhakika ningesema nini.

Mwanya wa ua ameuziba. Minyaa haihitaji kubembelezwa, ukiichomeka inashika, na sasa imefika kifuani. Tukikutana njiani ananiambia habari za leo, namwambia nzuri, salamu ya watu wanaopishana stendi. Maziwa nanunua dukani.

Sizoni ile ilibaki na kipande cha mwisho. Tuliahidiana tungekiona pamoja, kwa hiyo nilikaa nacho muda mrefu. Juzi nikakiweka. Akatokea mama mmoja jikoni kwake, na mtafsiri akaanza, mwangalieni vizuri huyu mama, huyu ndiye... Nikafunga sauti. Mama akaendelea kukoroga chai yake, kikombe kimoja mezani. Niliacha kumenya, nikamtazama uso kwa muda mrefu, nikitafuta alichofanya. Sikukiona. Nikaizima kabla jasusi hajafika.