Jina la Babu Limemkalisha Mwanangu Kiti cha Mbele

Mhariri, jina langu lifiche, maana mume wangu naye ni msomaji wa ukurasa huu. Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mmeru, nimeolewa na tunakaa Sekei. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minne. Nawaandikia nikiwa na hasira na sioni haya kusema hivyo.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alinunua pikapu kuukuu kwa Mzungu mmoja wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Tangu hapo ukoo mzima hatuendi kanisani kwa miguu. Mbele hukaa shemeji na baba mkwe, wengine tunapanda nyuma na mizigo. Mwanangu, kwa kuwa amepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, hukaa mbele juu ya mapaja ya babu, watu wote njiani wamwone.

Tangu mwanzo sikupenda. Kwa kile kidirisha cha nyuma nilikuwa namwona anavyorushwa kila tukipita shimo, kichwa karibu kabisa na kioo. Nilipomwambia mume wangu alicheka, akasema mikono ya mzee imeangusha mafahali, itashindwa kushika mtoto?

Basi ilishindwa. Tulikuwa tunakwenda Usa River, ng'ombe wakavuka barabara, shemeji akakanyaga breki. Gari lilisimama, mwanangu hakusimama. Alichomoka mikononi mwa babu yake kama sabuni, akapiga uso kwenye chuma cha mbele. Meno mawili yalitoka, nyusi ikapasuka, na kwa jicho la kushoto mpaka leo anaona ukungu. Waliokuja kutupa pole wote walisema nimshukuru Mungu, hakufa. Namshukuru sana. Lakini aliyemkalisha pale si Mungu.

Na kinachoniua ni hiki. Siku hiyohiyo nyuma tulipakia magunia ya kahawa. Shemeji aliyafunga kamba kwa mikono yake, akazikaza kwa goti, akarudi kuzikagua. Hakuna gunia lililosogea. Kahawa imefungwa, mtoto ameachwa hivihivi, na wanaume wazima hawaoni ajabu yoyote! Nanyi mnaosoma hapa mkiwasimamisha watoto wenu katikati ya magoti, msijidanganye. Breki ikikanyagwa, upendo hauna nguvu ya kumshika mtu.

Sisemi baba mkwe hampendi. Alilia kuliko mimi. Lakini mwisho wa mwezi huu binti wa shemeji anapata kipaimara hukohuko Usa River, na mzee ameshatangaza kwamba wajina wake atakaa palepale. Nilipiga moyo konde, nikamwendea, nikampa shikamoo yake. Nikamwomba mtoto akae nyuma nami, chini kabisa, tuegemee upande wa dereva, nimfunge kwa kanga kiunoni kwangu. Najua kanga si dawa, lakini ndicho nilicho nacho.

“Mkwe wangu, huyu mtoto ni mimi,” akasema. “Unataka mimi nikapande na magunia?”

“Baba,” nikamjibu, “kama huyu ni wewe, basi na jicho lililoharibika ni lako.”

Mume wangu ndiye aliyenifokea mbele ya watu, kwamba nimemvunjia baba yake heshima, na kama siku hiyo mtoto hatakaa mbele, nifungashe nirudi kwetu. Mama yangu mzazi naye anasema ninyamaze, ndoa ni kuvumilia. Nivumilie mpaka jicho la pili?

Sasa nawaambia ninyi peke yenu. Gari lile haliwaki mpaka lizungushwe kwa chuma kile wanachokiita hendeli, na limelala bondeni penye tope, halisukumiki. Hendeli nimeichukua mimi, nimeifukia chini ya mgomba. Wametafuta nyumba nzima, wamelaumiana, mimi nakoroga uji tu. Jana shemeji amekwenda kwa fundi Ngarenaro, akaahidiwa nyingine kabla ya kipaimara.

Nishaurini, wenzangu. Hiyo nayo nikaifukie wapi?